SPIKA SITA SEBULENI, MSIKILIZAJI NANI?



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, katika mji huu wa Kampala umeingia ugonjwa ambao hautibiwi Mulago. Ni ugonjwa wa spika. Mtu akipata fedha kidogo, kabla hajanunua kabati la vitabu na kabla hajatandika zulia, anapanda boda hadi Luwum Street na kurudi na katoni kubwa. Ndani yake mna spika tano na sabufa moja. Akifika nyumbani anazipanga zote mbele, kulia na kushoto kwa televisheni, mbili juu ya mbili, kama askari wa gwaride. Mgeni akiingia anaziona na kusema "Maashaa Allah". Basi kazi imekwisha! Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya sikio kimegeuzwa pambo la macho.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike kisha asome hadi mwisho: sauti ya nyumba inapasa kupangwa kwa kufuata kinachosikilizwa na wale wanaosikiliza, si kwa kufuata idadi ya spika. Nyumba isiyopanga hivyo inawadhulumu watu watatu: mzazi aliyetoa fedha, mtoto anayejifunza, na jirani aliye upande wa pili wa ukuta.

Wala sizungumzii hapa hukumu ya muziki. Maulamaa wameizungumza kwa urefu, anayetaka na amuulize shekhe wake. Wako ndugu zetu wanaosema chombo chenyewe kitupwe nje. Hao nawajibu kwa ufupi: spika haina dini. Spika ile ile inayopiga upuuzi ndiyo inayotusomea darsa ya Ramadhani. Tatizo letu ni namna tunavyokitumia chombo.

SPIKA SITA NI ZA NINI?

Kabla mtu hajasifu, na ajue anachokisifu. Huu mpango wa chaneli nyingi ni mpango wa sinema. Mwaka 1992 mfumo wa Dolby Digital ulianza kutumika katika majumba ya sinema, ukiwa na chaneli tano kamili na moja ya mngurumo wa chini. Ndiyo maana watu wanauita "tano nukta moja". Ilipofika mwaka 1996 DVD zikaanza kuuzwa Japani, na taratibu mpango huo ukaingia majumbani hadi kufika kwetu.

Katika mpango huo kila spika ina kazi yake. Ya katikati hubeba maneno ya wazungumzaji karibu yote. Mbili za mbele, kulia na kushoto, hutoa upana wa tukio. Mbili za pembeni kwa nyuma hutoa mazingira, kama mvua, upepo au nyayo za mtu anayepita. Sabufa hubeba mngurumo, mlio ulio chini kabisa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) liliandika mapendekezo ya mpangilio huu mwaka huo huo wa 1992: spika ya katikati iwe mbele yako sawasawa, za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande, na za pembeni ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio yako.

Sasa niambie, ndugu yangu. Ukiweka zote sita mbele kando ya televisheni, umenunua nini? Umenunua spika mbili kwa bei ya sita.

Na tuhesabu familia ya Kampala inasikiliza nini. Inasikiliza redio: Voice of Africa, Bilal FM, taarifa za habari. Redio ya FM ina chaneli mbili ikizidi. Mawaidha ya mashekhe yanayopitishwa kwa simu na flashi mara nyingi yana chaneli moja, kwa sababu yamerekodiwa kwa kipaza sauti kimoja kilichowekwa juu ya meza. Qur'ani tunayoipenda zaidi ni ya wasomaji wa zamani. Shekhe Mahmoud Khalil al-Husary alirekodi msahafu mzima kwa murattal mwaka 1961, na mwaka 1964 Cairo wakafungua redio maalumu ya Qur'ani. Hizo zilikuwa zama za redio ya chaneli moja. Ukimsikiliza al-Husary kwa spika sita hupati al-Husary sita, bali mashine inakurudilia sauti ile ile moja mara sita, na pengine inaivuruga.

"Lakini Ustadh, watoto wanatazama filamu!" Filamu zipi? Nyingi zinazotazamwa Kampala ni zile zilizotafsiriwa kwa Kiganda na mavijei, mtindo uliotoka katika vibanda vya video na kupata umaarufu kwa watu kama VJ Jingo. Vijei anazungumza juu ya sauti ya filamu, kisha vyote viwili vinachanganywa na kuhifadhiwa upya, kwa kawaida katika chaneli mbili. Zile chaneli sita za mwanzo hazipo tena. Anayenunua spika sita kwa ajili ya filamu ya vijei ni kama anayenunua sahani sita ili ale mkate mmoja peke yake.

WATI ZA KATONI

Dhulma ya pili ni ya namba. Juu ya katoni utaona imeandikwa wati elfu tano, elfu kumi, na kando yake herufi nne: PMPO. Herufi hizo ndizo mtego wenyewe. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa na wote, kwa hiyo kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. Namba inayofaa kuangaliwa ni ile iliyoandikwa RMS, inayoonesha nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa kwa mfululizo.

Kama huioni hiyo RMS, igeuze mashine, usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa inakula wati ngapi za umeme. Ikiwa inakula wati 80, itatoaje wati elfu kumi? Hakuna ng'ombe anayekunywa ndoo moja ya maji akatoa mapipa mia ya maziwa. Wallahi, mtoto wa darasa la tano anaweza kuijua hesabu hii, lakini baba yake anaisahau akishafika dukani.

Jambo jingine: hata wati zikiwa za kweli, sikio halihesabu kama muuza duka. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo wengi huitambua kwa taabu. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Basi aliyeongeza fedha nyingi ili atoke wati 50 kwenda 100, amenunua namba. Na sebule ya mita tatu kwa nne haihitaji hata hizo. Mazungumzo ya kawaida na kisomo husikika vizuri kwa wati chache sana.

Israfu ina sura nyingi. Suratul Israa aya ya 26 na ya 27 zimetukataza ubadhirifu na kuwafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani. Hatusomi aya hizo tukiwa na wali wa harusi tu katika fikira. Mzazi anayelia kuhusu ada ya muhula ilhali ameweka spika nne zisizofanya kazi yoyote ukutani, na ajihesabu mwenyewe.

MTOTO ANASIKIA NINI?

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu kazi yangu ni watoto.

Wazazi wengi wanawapigia watoto kisomo nyumbani ili wahifadhi. Jambo jema kabisa, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini angalia mashine ilivyowekwa. Besi imepandishwa hadi mwisho. Kitufe cha "hall" au cha mwangwi kimewashwa ili msomaji asikike kama yuko msikiti mkubwa. Wanasema hivyo ndivyo "inavyoingia moyoni". Mimi nasema mtoto anafundishwa makosa.

Zingatia. Herufi za qalqala ni tano: qaaf, twaa, baa, jiim na daal. Zikiwa na sukuni hupigwa mdundo mdogo. Mwangwi wa mashine unazipa mdundo hata herufi zisizo na qalqala, naye mtoto anaiga. Madda ya asili ni harakati mbili, na madda laazim ni sita. Mwangwi unarefusha kila sauti, mbili inasikika kama tatu, na mtoto anapoteza kipimo. Waqfu, ambayo ni kusimama na kukata sauti, inamezwa kabisa, kwa sababu sauti bado inazunguka chumbani wakati msomaji amekwisha kunyamaza.

Na besi je? Tofauti ya thaa na siin, ya dhaal na zaay, imo katika mvumo mwembamba wa juu. Mngurumo mzito wa chini huufunika mvumo huo, mtoto asisikie ila "s" moja kwa zote. Na watoto wetu wa hapa wana mtihani wao wa ziada. Katika Kiganda, R na L hubadilishana kwa kufuata irabu iliyotangulia, kwa hiyo sikio la mtoto aliyekulia Kiganda halijazoea kuzitenga raa na laam kama Kiarabu kinavyotaka. Mtoto huyo anahitaji sauti safi kuliko mtoto yeyote, nasi tunampa ngurumo.

Kisha wanatuletea watoto hao madrasa, na mwalimu anatumia miezi kuondoa kilichoingizwa na kitufe kimoja.

"QUR'ANI KWA SAUTI KUBWA NI DA'WA"

Sasa nafika kwa hoja ambayo baadhi ya ndugu wanaipenda mno. Wanasema: "Mimi sipigi miziki, mimi napiga Qur'ani. Jirani akisikia, pengine ataongoka."

Subhaanallah! Suratul A'raaf aya ya 204 inatuamrisha kwamba isomwapo Qur'ani tuisikilize na tunyamaze. Wewe unaipiga saa nne za usiku, jirani amelala, mkeo yuko jikoni na masufuria, watoto wanagombana, nawe mwenyewe unapokea simu. Nani anayesikiliza? Nani aliyenyamaza? Umeyafanya maneno ya Mola wako kuwa kelele za nyuma, kisha unaiita da'wa.

Tunayo hadithi katika Sunan ya Abu Daud: Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma kwa sauti za juu. Alifunua pazia akawakumbusha kwamba kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane wala asimpandishie mwenziwe sauti katika kisomo. Angalia vizuri. Waliokuwa wakisoma ni Maswahaba. Kilichosomwa ni Qur'ani. Mahali ni msikitini. Hata hivyo walikatazwa kuudhiana. Itakuwaje kwa sabufa iliyogusana na ukuta wa mtu mwenye mtoto mgonjwa?

Wengi wetu tunaishi katika mizigo, vyumba vya kupanga vilivyoungana kwa mstari. Mara nyingi ukuta wa kati haufiki hadi kwenye bati, na juu mna uwazi mtupu. Sauti ya mngurumo ina mawimbi marefu. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani ni refu kuliko chumba chako chote. Ukuta wa tofali moja hauwezi kulizuia. Wewe unasikia kisomo, jirani anasikia "ndu, ndu, ndu" tu. Hakuna hata neno moja linalomfikia ambalo lingemuongoa! Kinachomfikia ni udhia peke yake, na udhia huo una jina la Uislamu juu yake.

Atasema mwingine: "Mbona wao wanatupigia? Baa iko pale, na mikesha ya usiku kucha iko pale." Ni kweli, nasi tunaumia. Lakini kanuni ya fiqhi inajulikana: madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Nchi hii ina Kanuni za Viwango na Udhibiti wa Kelele tangu mwaka 2003, zenye mipaka ya mchana na ya usiku, na wa usiku uko chini zaidi. Anayetaka kumshitaki mwenye baa kwa kanuni hizo, kwanza mashine yake mwenyewe iwe kimya.

Wala asiniletee mtu adhana katika hoja hii. Adhana ni mwito, ina wakati wake na dakika zake chache. Sabufa yako ya saa nne za usiku haimwiti mtu kwenye chochote.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Hakusema jirani Mwislamu tu.

BASI TUPANGE VIPI?

Kukosoa bila kuonesha njia ni kazi rahisi. Basi haya hapa, na hayahitaji fundi.

1. Andika kwanza mnachosikiliza kwa wiki nzima. Ikiwa sehemu kubwa ni maneno, yaani kisomo, mawaidha, habari na masomo, spika mbili nzuri zinatosha. Ziweke ili wewe na hizo spika mbili mfanye pembetatu ya pande sawa: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila moja hadi unapokaa. Ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, si juu ya kabati wala sakafuni.

2. Kama sita unazo tayari, usizitupe. Zipange kama zilivyokusudiwa. Ya katikati itoe nyuma ya televisheni, iwe usawa wa masikio au ielekezwe kwenye masikio. Nyumba nyingi zinaongeza sauti yote kwa sababu maneno hayasikiki, kisha mlipuko ukija mtoto mchanga anaruka kitandani. Dawa yake si rimoti ya sauti. Ingia katika mipangilio, uiongeze ya katikati peke yake kwa desibeli 2 au 3, na uipunguze sabufa.

3. Za pembeni ziende pembeni kweli, nyuma kidogo ya wanaokaa. Mashine nyingi zinakuuliza kila spika iko umbali gani. Pima kwa futi kamba na uandike kweli. Kila mita moja huichelewesha sauti kwa karibu elfu tatu za sekunde, na mashine hutumia namba hizo kuzifikisha sauti zote kwa pamoja.

4. Kwa kisomo na mawaidha, chagua sterio ya kawaida. Zima mwangwi, zima kila kitufe cha mapambo, rudisha besi katikati. Kisha fanya mtihani: mpigie mtoto sura fupi asiyoihifadhi, aandike herufi anazozisikia. Akichanganya thaa na siin, sogeza spika karibu naye kabla hujamlaumu.

5. Usiongeze sauti, sogeza spika. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayokufikia moja kwa moja inapanda kwa karibu desibeli 6. Kuzipata desibeli hizo kwa mashine unahitaji wati mara nne. Babu asiyesikia vizuri, mwekee spika ndogo kando ya kiti chake, asiumizwe kila mtu kwa ajili yake.

6. Sabufa isikae kwenye kona wala isigusane na ukuta wa jirani. Kona inaukuza mngurumo. Iinue kutoka sakafuni kwa kitu laini, na baada ya Isha izime kabisa.

7. Tandika zulia au mkeka kati ya spika na viti, na weka mapazia mazito. Nyumba zetu mpya za vigae na saruji tupu zinarudisha sauti kama pango. Zulia litasafisha kisomo kuliko spika mbili za ziada.

8. Linda masikio. Shirika la Afya Duniani pamoja na ITU walitoa mwaka 2019 kipimo cha vyombo vya kusikilizia vya mtu binafsi: mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, nusu ya muda inaondoka. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

9. Mwisho, na hili ni kubwa: washa mashine kwa kiasi chako cha kawaida, toka nje, simama mlangoni pa jirani. Kama unaisikia, nyumba yako ina sauti kubwa mno. Afadhali zaidi, bisha hodi umuulize. Huenda hajawahi kukwambia kwa sababu anakustahi.

Ndugu zangu, Luqman katika wasia wake kwa mwanawe, kama ilivyo katika Suratul Luqman aya ya 19, alimwambia apunguze sauti yake, na akataja sauti ya punda kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Baba mmoja alimwusia mwanawe jambo hilo, na sisi tumekuwa baba tunaowafundisha wana wetu kinyume chake kwa rimoti mkononi.

Wanafunzi, nanyi msingoje wazazi. Wengi wenu ndio mnaojua kuingia katika mipangilio ya mashine kuliko baba zenu. Leo jioni kaeni na wazee kwa adabu, zimeni ule mwangwi, isogezeni ile spika ya katikati, kisha pigeni sura moja na nyumba nzima inyamaze. Mtakachokisikia kitawatosha kuwa hoja kuliko makala yangu hii.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wale wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema zaidi, na asitufanye udhia kwa majirani zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.